Stika ya Kijani kwenye Mashine ya Masjala

Shamim mwanangu,

Salaam na dua za mama yako zitangulie mbele yako barabarani kesho. Umekwenda Wanyange kumuaga bibi, na baba yako yuko Bugembe anatafuta kufuli ya sanduku lako, kwa hiyo nyumba ni yangu mpaka Alasiri. Nimesogeza sinia la maharagwe pembeni, nimechana karatasi kwenye daftari lako la zamani, nakuandikia. Nitaikunja barua niiweke sandukuni, chini ya ile shuka ya kijivu. Utakapoitoa shuka utakuwa umeshafika Mbale, na huko ndiko ninakotaka uisomee, maana kukwambia usoni nimeshindwa. Nimejaribu mara tatu wiki hii. Mara ya mwisho nilikuwa nimeshavuta pumzi, nimeshasema "Shamim, kuna jambo," wewe ukasema, "Mama, chumvi iko wapi?" Nikakupa chumvi, na jambo likaishia hapo.

Ya kula, ya kuswali kwa wakati, ya kumpigia shangazi yako kila Ijumaa, siandiki. Unayajua, na usiyoyajua shangazi atakueleza mpaka masikio yakuume.

Nataka kukupa habari za Afande Okiror, ambaye kuanzia Jumatatu atakuwa mkubwa wako wa kazi. Na ndani ya habari zake zimo zangu.

Unakumbuka siku barua ya kazi ilipofika? Ulitusomea umesimama hapo mlangoni, viatu hujavua. Kitengo cha kompyuta cha shirika letu la hospitali, tawi la Mbale, na kazi yako ya kwanza ni kusaidia kuchagua toleo la mfumo endeshi litakalowekwa kwenye kompyuta zote, za hospitali yetu ya Jinja, za Mbale, na za zahanati zote za njiani. Baba yako akauliza, "Mfumo endeshi ndio nini?" Ukamjibu bila kumcheka: "Ni ile programu inayoamka kwanza ukiwasha kompyuta, Baba. Nyingine zote zinakaa juu yake." "Na toleo?" Ukasema waliotengeneza hutoa jipya kila baada ya miaka fulani, na la zamani huendelea kulitunza kwa muda, tundu likionekana wanaliziba. Halafu hutangaza siku ya kuacha. Baada ya siku hiyo mashine inawaka kama jana, inaandika kama jana, ila hakuna tena anayeziba. Baba yako akatikisa kichwa. "Kumbe askari wa zamu ameenda zake na geti liko wazi."

Tulicheka wote. Lakini mimi hayo nilikuwa nayajua siku nyingi, mwanangu. Niliyajua kwa kuumiza watu.

Wewe ulikuwa darasa la sita. Mimi nilikuwa mkubwa wa masjala hapa Jinja, na usidhani hilo lilikuwa dogo kwangu. Shule yangu iliishia darasa la saba. Nilianza hospitalini kwa kupanga mafaili kwenye rafu, na kompyuta ilipoletwa nilijifunza kwa vidole viwili, hadi nikafika mahali ambapo madaktari wenyewe walikuja kuniuliza. Mgonjwa akitaja jina na kijiji, mimi nimeshampata. Na ile printa ndogo ya lebo za kadi, nani mwingine aliyeweza kuifanya itii? Nilijua ikikohoa hivi inataka nini, ikinyamaza hivi inataka nini.

Afande Okiror ndiye aliyekuwa mkuu wa kompyuta. Alikuwa amewahi kuwa mwanajeshi wa mawasiliano, Mteso, mlokole anayefunga Jumatano, na hata baada ya kuvua gwanda watu waliendelea kumwita Afande. Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, changu cha msikitini na cha kuolewa na Mgisu nisiyejua lugha ya kwao. Alipoingia na kusema "Habari ya hapa!" wazee waliokuwa kwenye foleni walinyooka kwenye benchi kama wameitwa majina. Kisha wakaona anacheka, nao wakalegea. Kwangu alikuja kila asubuhi. "Salaam aleko, Mama." Nikimwambia, "Afande, inasemwa alaykum," anajibu, "Hiyo ndiyo nimesema."

Siku moja akatukusanya. Akasema toleo tunalotumia limebakiza wiki chache, wenyewe wanaacha kulitunza, kwa hiyo mashine zote za Jinja zitabadilishwa, halafu atahamia Mbale. Vijana wake wakimaliza mashine wanabandika stika ya kijani pembeni ya kioo. Mwishoni yeye atapita azihesabu stika na kutia sahihi.

Wa kwanza walikuwa duka la dawa. Walipobadilishiwa, printa yao ilikataa kazi siku mbili nzima. Nilimwona yule dada wa pale akitukanwa na foleni, anaandika kwa mkono, machozi yanadondoka kwenye karatasi. Nikasema moyoni, mimi siyo. Mashine hii ikibadilishwa na printa yangu ikafa, nitarudi kuwa mama wa darasa la saba mbele ya watu wote.

Chumba cha meno kilikuwa kimefungwa, daktari yuko likizo, na mashine yake ilikuwa imeshabadilishwa. Ufunguo ulikaa kwangu. Saa ya chakula nikaingia, nikaibandua stika kwa ukucha, taratibu, isichanike. Kona moja ikajikunja. Nikaenda kuibandika kwenye yangu, nikailainisha kwa kidole gumba. Vijana walipokuja wakaona kijani. "Mama Shamim tayari." Nikawajibu, "Asanteni wanangu," na nikawapa ndizi.

Kile chumba cha meno Afande alipokikuta hakina stika, aliwasha mashine, akaona iko sawa, akabandika nyingine. Hakushuku kitu. Angemshuku nani? Akatia sahihi kwamba Jinja imekwisha.

Hazikupita wiki sita, binamu yako akaoa. Mpiga picha akanipa flash yenye picha za nikaha, nami kwa hamu ya kuwaonyesha wenzangu nikaichomeka pale masjala. Tuliziona picha, tukapiga vigelegele. Kesho yake asubuhi mashine yangu ilikuwa na maandishi mekundu kioo kizima, na mafaili hayafunguki. Programu mbaya ilikuwa imejificha ndani ya ile flash. Mashine zilizokwisha kubadilishwa hapa Jinja haikuziweza. Ila ilikuwa imeshapita kwenye waya wa mtandao mpaka Mbale, ambako zote zilikuwa bado kwenye toleo la zamani zikisubiri zamu yao, na huko ilifagia.

Hospitali mbili zikarudi kwenye kalamu, maana hata hapa Jinja mafaili ya wagonjwa yalikaa kwenye mashine yangu. Akiba ya mafaili waliyokuwa wameihifadhi ilirudisha mengi, lakini si yote. Kuna bibi mmoja wa presha aliyekuwa akija kwangu tangu wewe unatambaa. Nilimtafuta kwenye mashine nikamkosa. Nikamwambia, "Bibi, hatukuoni." Akaniangalia. "Kwa hiyo nimepona?" Watu wakacheka na yeye akacheka, halafu akakaa kwenye benchi akaanza kumhesabia nesi dawa zake kwa vidole, akikosea, akianza upya. Picha hiyo haijanitoka machoni.

Wakachunguza, wakakuta imeanzia masjala ya Jinja. Na pembeni ya kioo kuna stika ya kijani. Basi wakubwa wakasema Afande alitia sahihi kazi isiyofanyika. Wakampa barua ajieleze kwa nini asifukuzwe.

Alikuja kwangu na barua hiyo mkononi. Hakupandisha sauti. Akavuta kiti. "Mama, nisaidie. Hii mashine nani alikuja kubadilisha?"

Shamim, mama yako alimtazama yule mtu machoni akasema, "Sikumbuki, Afande. Watu walikuwa wengi."

"Jaribu kukumbuka, Mama. Kuna kijana wangu mmoja atapoteza kazi. Au mimi."

"Wallahi sikumbuki."

Niliapa. Na ilikuwa Ramadhani. Nilifunga siku kumi na moja na kiapo hicho tumboni, nikiwapikia futari, nikisimama Tarawehe bega kwa bega na wanawake waliokuwa wakiniita mwaminifu. Kila magharibi nilipoinua tende niliona mkono wangu ndio uleule wa kubandua stika. Siku ya kumi na mbili niliamka nimechoka kuwa mimi. Nikaenda moja kwa moja ofisi ya mkurugenzi, nikaomba Afande aitwe, na nikasema yote mbele yake, kuanzia ufunguo wa chumba cha meno.

Nilingoja anitukane. Mwanajeshi, tena aliyekaribia kufukuzwa kwa ajili yangu. Yeye akauliza, "Uliogopa nini, Mama?"

"Printa."

"Printa tu?"

"Printa, Afande. Na yale ya dada wa duka la dawa."

"Kwa nini hukuniambia?"

Sijui ujasiri ule niliutoa wapi. Nikamjibu, "Wewe uliuliza mashine ina toleo gani. Hukuuliza inafanya nini."

Mkurugenzi akadhani ninajibu kwa kiburi, akagonga meza. Afande akamwinulia mkono. "Subiri, mkubwa. Hapo mama amenishika." Akatoa daftari mfukoni, lile la jalada gumu jeusi, akaandika maneno yangu vilevile nilivyoyasema. Tulipotoka akapitia masjala, akaibandua ile stika yenye kona iliyojikunja, akaibandika kwenye daftari chini ya maneno hayo. Akasema, "Hii nakaa nayo."

Mimi nilitolewa masjala. Nilipelekwa getini kugawa namba za foleni, mwaka mzima na zaidi. Ulirudi kutoka shuleni ukanikuta pale, ukauliza, "Mama, mbona uko huku?" Nikakwambia nimechoka na vumbi la mafaili. Huo nao ulikuwa uongo, na huo nilikuambia wewe. Uliuamini mpaka ukaupeleka kwenye usaili. Ulinisimulia kwa furaha walivyokuuliza nani alikufundisha kutunza kumbukumbu za watu, nawe ukajibu, "Mama yangu, hajawahi kupoteza faili hata moja." Nilikushukuru nikaenda uani kufua nguo ambazo zilikuwa safi.

Afande hatakwambia. Miaka yote hii hajasema, hata kwa utani, na unajua anavyopenda utani. Ndiyo maana nimeandika mimi.

Lakini nisikuishie kwenye aibu yangu, maana ninachotaka ukione vizuri ni alichokifanya yule mtu baadaye. Wakubwa walitishika, wakataka kununua lile toleo jipya kabisa lililokuwa limetoka juzi tu, liwekwe kote, mambo yaishe. Alikataa. Akaomba muda, akaanza kutembea na lile daftari. Alikuja mpaka kwangu getini akaniomba nimfuate masjala, nikae pembeni ya yule aliyenirithi, nimweleze kila kitu ninachofanya tangu asubuhi. Tulikaa siku nzima. Hakugusa kitu. "Hapa unabonyeza nini? Kwa nini mara mbili? Printa ikikataa unafanyaje?" Alienda hivyo maabara, akaenda wodi ya wazazi, akaenda jikoni ambako kulikuwa na kompyuta moja ya kuandika idadi ya wagonjwa wa uji. Mpishi akamwambia, "Afande, hata mimi?" Akajibu, "Wewe hasa. Ukikosea wewe wote tunalala njaa."

Kisha akachukua mashine moja, akajaribu toleo jipya kabisa na kila kifaa alichokiandika. Mashine ya kupima damu ilikataa kuongea nalo, na printa zangu pia. Akajaribu lile la kabla yake, siyo lile lililoachwa. Hilo lilikubali vyote isipokuwa kipimo kimoja cha zamani sana, na waliolitengeneza walikuwa wameahidi kulitunza kwa miaka mingi mbele. Akachagua hilo. Kile kipimo kizee akakikatia waya, kikae peke yake, kisiongee na mtu. Na kwenye kila ukuta wa kila idara akabandika karatasi yenye tarehe moja, kubwa, siku ambayo hata toleo hili litaachwa. Watu wakamcheka. "Afande, umeleta kitu kipya na tangazo lake la msiba!" Akasema, "Ndiyo. Ili mnizike nalo kama nitakuwa nimesahau."

Hakusahau. Tarehe ile ya ukutani sasa haijabakiza hata mwaka mmoja, na ndiyo sababu ameomba mtu wa kumsaidia kuchagua linalofuata, na ndiyo sababu wewe unaondoka kesho. Mwezi uliopita ulipokwenda zahanati ya Bugembe kumpelekea nesi dawa zake za macho, alinipigia simu akicheka: "Binti yako amekaa nyuma yangu asubuhi nzima ananiangalia navyoandikisha watoto wa chanjo. Hajasema neno. Nilidhani ameoteshwa hapo kama mti." Niliweka simu chini nikamshukuru Mola. Hakuna aliyekutuma ukae kutazama. Nilikuzaa mimi, lakini namna yako ya kutazama watu kazini umeichukua kwa yule mwanajeshi mwenye daftari, enzi zile ukinisubiri getini na sare ya shule. Mimi namwonea fahari, na wewe nakuonea zaidi, na mara nyingine nikikutazama ukiinamia kile kioo nasahau kupumua.

Sasa la jana. Jana kabla ya Adhuhuri alinipigia Nambozo, yule mama wa masjala ya Mbale niliyekuwa nikiongea naye kwa simu tangu enzi zangu. Baada ya salamu akaanza kuzunguka. "Nasikia ni Shamim wetu anakuja kwenye kompyuta? Allah mkubwa! Basi mwambie, yangu aipite tu. Inafanya kazi vizuri. Akifika kwangu aandike iko sawa, nani atajua? Wewe ni mwenzangu, unaelewa."

Naelewa! Nilikaa na simu sikioni, Shamim, na nikaona ilivyo rahisi kusema "haya." Ungemheshimu kwa ajili yangu, na hakuna ambaye angejua. Badala yake nikamwambia ya stika. Yote, na picha za nikaha, na kiapo.

"Kwa hiyo ni wewe?" akasema.

"Ni mimi."

"Mwanamke wewe! Sisi huku tuliandika kwa mkono wiki mbili! Vidole vyangu vilivimba mpaka pete ikakatwa kwa msumeno! Miaka yote nawalaani watu wa Jinja, kumbe namlaani rafiki yangu?"

"Nisamehe, Nambozo."

"Nitafikiria. Lete sambusa kwanza." Akavuta pumzi. "Aje. Mwambie aje asubuhi na mapema kabla ya foleni, na akae, asisimame juu yangu kama askari. Na hii printa yangu haianzi mpaka ipigwe kofi ubavuni, asije akaandika ni mbovu. Haipendi wageni tu."

Basi hayo ndiyo niliyokuwa nayo. Nambozo atakusubiri. Sambusa ziko kwenye kopo la bluu, za juu ni zako, za chini ni zake, usichanganye. Afande akifungua daftari mbele yako, utaona kwenye ukurasa mmoja wa mwanzo stika ya kijani iliyofifia, kona imejikunja. Usimuulize ni ya nini. Umeshajua ni ya nani.

Sijui utanionaje ukimaliza kusoma. Nimeshindana na Mola wangu juu ya hilo, na amenishinda: nilitaka uende ukiwa bado unanijua kama yule asiyepoteza faili, na hakunipa nafasi hiyo. Kama itakuwa vigumu, usinipigie leo, wala kesho. Lakini ukiwa tayari na maneno yakakosekana, nipigie tu uniulize chumvi iko wapi. Nitaelewa kwamba umesoma, na kwamba bado mimi ni mama yako.

Namsikia baba yako getini. Amekuja na kufuli mbili, ameshindwa kuchagua.

Mola akuweke,
Mama